Kwotabeki Si Dawa ya Kila Ugonjwa

Kila Aprili, timu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, zinapojiandaa kuteua wachezaji wa vyuo, hoja ileile huchapishwa: timu isiyo na kwotabeki, yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, imchukue yeyote aliye bora sokoni, mengine yatafuata.

Hayafuati.

Mwaka 2007 Oakland Raiders, wenye chaguo la kwanza, walimchukua kwotabeki JaMarcus Russell wa chuo cha LSU. Baada ya msimu wa 2009 hakucheza tena NFL. Waliotajwa mara baada yake, Calvin Johnson na Joe Thomas, wasio makwotabeki, leo wote wamo katika Ukumbi wa Magwiji.

Watetezi wa hoja hiyo watamtaja Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City. Sawa, lakini mwaka 2017 Kansas City hawakumtupa uwanjani angali mbichi. Karibu msimu mzima alijifunza nyuma ya Alex Smith.

Na Detroit je? Mwaka 2021, wakiwa na chaguo la 7, waliwaacha makwotabeki Justin Fields na Mac Jones, wakamchukua Penei Sewell, pande la mtu linalosimama safu ya mbele kumkinga kwotabeki. Januari 2024 Sewell alicheza fainali ya NFC, moja ya kanda mbili za NFL. Machi mwaka huohuo, Fields na Jones waliuzwa na timu zilizowateua.