Mikate mitano na Kingereza chetu



Katika intero ya mwisho ya Kingereza, wengi wetu katika kalasi ya mwaka wa tano tuliandika "informations" na "advices", na wengi tulipoteza pointi. Mimi nilipata 4 juu ya 10. Kisha kurudishiwa karatasi, nikasikia ile maneno ya siku zote: "Kingereza hakina akili, tushike orodha kwa kichwa, basi." Mimi nakataa. Kosa letu halitoki katika Kingereza, na dawa yake si kushika orodha kwa kichwa.

Tuanze na kanuni tunayoandika katika madaftari: jina la kitu unachoweza kuhesabu kwa vidole linapata wingi, lile la kitu usichoweza kuhesabu halipati. Ni kanuni nzuri kwa kusikia, lakini inatudanganya. Tazameni chumba chetu cha kulia. Meza ziko, viti viko, kabati iko. Hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuvihesabu. Waingereza wanaviita vyote pamoja "furniture", na neno hilo halipokei s hata siku moja. Tena, nani alikwisha kushika wazo kwa mkono? Lakini Mwingereza anasema "two ideas" bila taabu. Sasa tazameni ndani ya sahani. Maharagi ni "beans", yanahesabiwa. Wali ulio kando yake ni "rice", hauhesabiwi. Punje na punje! Wala hakuna mtu anayehesabu maharagi mbele ya kula (ingawa kuna siku zingine ingewezekana).

Basi, kuhesabiwa hakukai ndani ya kitu, kunakaa ndani ya lugha. Kila lugha imeamua yake.

Sote tunajua habari ya Bwana Yesu kulisha watu elfu tano. Sisi tunasoma mikate mitano na samaki wawili. Wafransa nao wanahesabu mikate yao sawa sisi. Lakini fungueni Biblia ya Kingereza: hamtaona "five breads". Mtaona neno "loaves". Kwa Mwingereza "bread" ni kama unga ao udongo, haihesabiwi. Anapotaka kuihesabu lazima atafute neno lingine linaloonyesha mkate mzima ulivyotoka katika tanuru. Na wale samaki? Biblia ya zamani ya mfalme James, ya mwaka 1611, inasema "fishes". Zile za siku hizi nyingi zinasema "fish" tu, hata wakiwa wawili. Muujiza ni ule ule, chakula ni kile kile, lakini hesabu ya maneno si moja.

Hata ndani ya lugha moja maneno yanahama. Zamani Waingereza walisema "pease", jina la mbaazi lisilohesabiwa, sawa unga. Watu wakasikia ile sauti ya mwisho, wakadhani ni s ya wingi, wakaikata, ndiyo leo kuna "pea" moja na "peas" mingi. Msiwacheke. Sisi tulifanya kinyume chake. Kuanzia mwaka 1967 nchi yetu ilitumia feza iliyoitwa zaire, na zaire moja ilikuwa makuta mia. Wazee wetu walihesabu: likuta moja, makuta kumi. Katika 1998 franka ya Kongo ikaingia, makuta yale yakaisha. Lakini jina lilibaki, na leo mtu akisema "sina makuta" anataka kusema hana feza. Nani leo anasema "nipe makuta kumi"? Neno lililohesabiwa limekuwa neno lisilohesabiwa, na hakuna mwalimu aliyetupa orodha. Sasa mkikutana na "money", mnajua tayari: Mwingereza anahesabu franka na dola, hahesabu "money". Anasema "many francs" lakini "much money".

Kwa nini basi tunaanguka? Sababu tunaingia Kingereza kwa mlango wa Kifransa. Masomo yote ni kwa Kifransa, na katika Kifransa habari, mashauri, mizigo, vyombo vya nyumba, maendeleo, hata nywele, yote yanapata wingi. Tunahamisha ile s pamoja na neno. Sisemi Kifransa ni kibaya, ndicho kitatupatia diploma. Lakini katika jambo hili kinatupoteza.

Kiswahili hakiwezi kutupa orodha pia, tuseme kweli. Sisi tunasema mashauri mawili, na tunasema "mingi" kwa watu na kwa chumvi, hatuna "much" na "many". Lakini Kiswahili kinatupa kitu kikubwa zaidi: kinatuonyesha ginsi jambo lenyewe linavyotembea. Mama anayekwenda soko Bukavu hasemi "nipe unga mbili" akitaka kupimiwa; anasema murongo mbili za unga. Kule Lubumbashi watasema meka mbili. Anahesabu chombo, hahesabu unga. Basi "a piece of advice" ni murongo wa shauri! "A loaf of bread", "a bar of soap", ni kazi moja. Na ukifika dukani ukasema "maji mbili", muuzaji anakupa chupa mbili, haulizi neno. Ndivyo Mwingereza naye anavyoweza kuagiza "two coffees" hotelini, ingawa kahawa yenyewe haihesabiwi. Halafu jihadharini na kuku. "I ate chicken" ni nyama ya kuku tu, lakini "I ate a chicken" ni kuku mzima, na mwenzangu mmoja aliandika hivyo juu ya Noeli yake. Ni mwembamba sana kwa kuku mzima.

Ndiyo maana naomba mambo mawili. Sisi wanafunzi, tukiandika jina jipya katika daftari tuliandike pamoja na "much" ao "many" mbele yake, na kama halihesabiwi tuandike na chombo chake. Nanyi walimu wetu, tunaomba dakika tano za Kiswahili ndani ya saa ya Kingereza, wakati wa somo hili peke yake. Kama haiwezekani kwa sababu ya kanuni za kalasi, basi tupewe chumba Jumatano kisha masomo. Sisi wa mwaka wa tano tutaleta chaki.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano