Nipe Faili Yangu

Wacha nianze na ugomvi wenyewe. Mwaka jana binamu yangu alimlipa jamaa mmoja wa laptopu shilingi 35,000 amfanyie rimapu kwenye Forester yake ya tabo. Kazi ilichukua dakika 40. Kebo ilichomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani, kompyuta ya injini ikaandikwa upya, na gari likatoka pale likiruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Binamu alifurahi sana. Mimi niliuliza kitu kimoja tu: ile faili ya zamani iko wapi, na hii mpya tunaweza kuiona? Jamaa alinitazama kama mtu aliyeombwa pin ya M-Pesa.

"Kiongozi, hiyo ni siri ya kazi."

Siri ya kazi! Gari ni la binamu. Mkopo wa sacco ni wa binamu, na unakatwa kila mwezi. Lakini maandishi yanayoiambia injini ivute petroli kiasi gani na ipige cheche saa ngapi ni siri ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva kwa dakika 40. Na si kwamba alisahau kutupa nakala. Alikuwa ameifunga kompyuta kwa makusudi, isisomeke na mtu mwingine. Kwangu mimi fundi wa namna hiyo amekuuzia gari lako mwenyewe mara ya pili, na bado amebaki na ufunguo.

Mtaani tunaongea juu ya rimapu kana kwamba ni uganga. Stage one, stage two, gari litatema moto, majirani watajua umefika. Ukiuliza kilichobadilishwa unaambiwa "nimeongeza pawa". Kwa hivyo acha nikuonyeshe kilicho ndani, kwa sababu biashara hii yote inaishi kwa kuwa wewe hujawahi kuonyeshwa.

Kompyuta ya injini ni kisanduku cha chuma, kidogo kuliko kitabu cha hesabu. Ndani yake kuna chipu, na ndani ya chipu kuna faili. Kwa Subaru za tabo zenye kompyuta ya biti 32, faili nzima ni kilobaiti 512 au megabaiti 1. Picha ya chapati uliyotuma jana ni nzito kuliko hiyo. Ukiifungua unakutana na heksa, safu kwa safu, namba zimemwagika kama mchele. Mara ya kwanza utataka kufunga laptopu ukalale. Ngoja kidogo. Sehemu kubwa ni maagizo ya kompyuta, na hayo yanaonekana kama kelele tupu. Lakini mahali fulani namba zinaanza kupanda polepole, zinafika kilele, zinashuka, zinapanda tena. Kelele haina mlima. Ukiona mlima, umefika kwenye jedwali, na majedwali hayo ndiyo mafundi wanaita ramani.

Chukua ramani ya cheche. Upande mmoja una mizunguko ya injini kwa dakika, upande mwingine una kiasi cha hewa inayoingia. Kila chumba cha jedwali kinasema cheche ipigwe digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu. Kwenye Subaru namba haiandikwi wazi, inapitia hesabu ndogo. Heksa 64 ni 100 ya kawaida. Zidisha kwa 0.3515625, toa 20, unapata digrii 15 na kitu. Hiyo ndiyo siri ya kazi. Hesabu ya kidato cha kwanza, tena ukiwa na kikokotoo.

Na kuna watu walioitafuta kwa jasho, jedwali baada ya jedwali, kisha wakaitoa bure. Programu ya RomRaider ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Mimi nimejifunza hapo. Sikulipa mtu, na hakuna aliyeniuliza nimesomea wapi.

Usinielewe vibaya: sipingi kubadilisha ramani. Hapa kwetu kuna sababu nzuri za kuibadilisha kuliko mahali gari lilipotoka. Petroli ya premium ya Japani, kwa viwango vyao, haipaswi kushuka chini ya oktani 96, na inayouzwa kwenye pampu kwa kawaida inakaribia 100. Tabo ya Kijapani iliandikiwa hiyo. Sisi tunaileta hapa, tunaitia super ya hapa ambayo haifiki huko, halafu tunashangaa. Oktani ikiwa chini, mchanganyiko unalipuka vibaya kabla ya wakati, na injini inagonga. Kuna sensa inayosikiliza mgongo huo, na kompyuta ikiusikia inarudisha cheche nyuma ili kuokoa pistoni. Kuongezea, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kama moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Tabo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ijaze mapafu yaleyale. Fundi anayejua kazi angeiandikia injini hii ramani ya Nairobi, aangalie namba gari likiwa barabarani, arekebishe, aangalie tena.

Hii kazi haifanyiki kwa dakika 40 mahali pa kuegesha magari. Kinachofanyika kwa dakika 40 ni kumimina faili iliyonunuliwa kwa barua pepe, iliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kupanda Limuru. Nimekaa na vijana wa kazi hii, wengine ni marafiki zangu, na wawili wameniambia wenyewe kwamba hawawezi kusoma jedwali la cheche. Ndiyo maana wanafunga. Wanachoficha si ujuzi, ni kwamba hakuna.

Wiki ya pili nilichomeka kebo yangu ya bei rahisi. Kuandika kulikuwa kumefungwa, lakini namba za moja kwa moja zilisomeka. Kila binamu akikanyaga mafuta, kompyuta ilikuwa inarudisha cheche nyuma digrii 5, 6. Injini ilikuwa inapiga nduru. Tulimpigia jamaa. Akasema petroli ndiyo mbaya, tuweke ile ya bei ghali. Tukaweka. Namba zikapungua kidogo, hazikuisha. Tukapiga tena, mteja hapatikani.

Ilikufa tukitoka Naivasha, kwenye kile kipandio cha Kinungi. Moshi wa samawati nyuma, nguvu ikapotea, injini ikaanza kutikisika kama mashine ya posho. Ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa imevunjika pale ringi zinapokaa. Binamu alikishika kile kipande mkononi kwa muda mrefu, hakusema kitu. Siku hiyo alikuwa amebakisha miezi 14 ya mkopo.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Mpaka leo siwezi kukuambia jamaa aliandika nini. Labda alisogeza cheche mbele kupita kiasi. Labda aliongeza presha ya tabo na petroli isitoshe. Labda, na lazima niseme hili, pistoni ilikuwa na ufa tangu Yokohama na yeye hana kosa. Faili ingenijibu kwa jioni moja. Bila faili nina kipande cha chuma kwenye bahasha na mtu ambaye simu yake imezimwa.

Kuna watakaosema hii ni kelele ya watu wa gereji. Basi twende Marekani, mwaka 2015. Mwaka huo kampuni ya matrekta ya John Deere iliiandikia Ofisi ya Hakimiliki ya huko kwamba anayenunua trekta anapata ruhusa tu ya kutumia programu iliyo ndani, kwa muda wote wa maisha ya trekta. Mwezi wa Julai shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, nalo likapinga wenye magari kuruhusiwa kufungua programu zao, likihofia watachafua hewa. Hofu yenye maana, sikatai. Lakini miezi miwili baadaye, tarehe 18 Septemba, EPA haohao wakatangaza kwamba Volkswagen walikuwa wameandika programu inayotambua gari likiwa kwenye kipimo cha moshi. Kwenye kipimo gari lilikuwa msafi. Barabarani lilitoa oksaidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango. Duniani kote, magari yapatayo milioni 11.

Mchafuzi mkubwa kuliko wote alikuwa mwenye kufuli.

Na nani alituonyesha namna hila ile ilivyoandikwa? Watafiti wa Bochum, Ujerumani, na San Diego walichapisha kazi yao mwaka 2017. Waliichambua programu yenyewe, wakakuta mistari ya muda na umbali: gari likienda kama ratiba ya kipimo inavyosema, linajiona liko maabara. Nyaraka za kuwasaidia kuelewa majedwali hawakupewa na kampuni. Walizitoa kwa watu wa rimapu, haohao tunaowaita wahuni.

Najua unachotaka kuuliza. Faili zikiwa wazi, si kila mwenye pikapu ya dizeli atang'oa kichujio cha moshi na kuandika sifuri kwenye ramani ili taa ya dashibodi isiwake? Boss, wanang'oa tayari. Simama kando ya Thika Road saa kumi na mbili jioni uvute pumzi. Mimi kazi hiyo siifanyi, hata kwa ndugu, kwa sababu watoto wanaovuta moshi ule hawakuulizwa. Lakini angalia nani analindwa na kufuli. Faili iliyo wazi unailinganisha na ya kiwanda, na zile sifuri zinajitokeza kwa sekunde chache. Iliyofungwa, mtu wa tatu ananunua pikapu akidhani ni nzima, na mkaguzi hana pa kuanzia.

Kwa hivyo ukienda kufanya rimapu, kabla kebo haijagusa gari, omba faili ya kwanza na ya mwisho, kwenye simu yako. Kilobaiti 512, WhatsApp inabeba bila jasho. Omba uonyeshwe namba tano zilizobadilishwa na sababu yake. Akianza hadithi za siri ya kazi, rudisha ufunguo mfukoni. Na nyinyi mafundi mnaojua kazi, kwa nini mnaficha? Daktari wa mifupa hakunyimi picha ya mguu wako eti utajifunza kupasua.

Binamu alinunua injini ya mtumba na kompyuta nyingine Kirinyaga Road. Tuliisoma kompyuta ile sebuleni kwake, juu ya meza ya chai, tukahifadhi faili ya kiwanda kwenye flashi mbili. Moja iko kwangu, moja anaiweka pamoja na logbook. Cheche niliirudisha nyuma digrii 3 pale tabo inapojaa. Gari limepungua pawa kidogo na halijagonga tangu Machi.

Mwezi uliopita jamaa alipatikana. Alipiga mwenyewe, akasema amesikia tulipata shida, angetufanyia nyingine nusu bei. Binamu akaweka simu kwenye spika, akamuuliza kama bado ana ile faili ya kwanza. Kimya. Halafu akasema laptopu ile aliuza.