Kazi za mtandaoni: tunauziwa mbuzi kwenye gunia

KILA mwaka ifikapo Desemba mosi, Serikali ya Zambia hufunga uvuvi katika Ziwa Mweru na Mto Luapula hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaliana. Sina ugomvi na sheria hiyo. Ninachotaka kukisema leo ni yale yanayotokea nchi kavu katika miezi hiyo mitatu. Vijana wa Nchelenge na Kashikishi, pamoja na wenzao wanaovuka kutoka kwetu Kilwa na Pweto, hukaa chini ya miembe, simu mkononi, wakitafuta kazi ya kufanyia nyumbani kupitia intaneti. Na wanaipata, au wanadhani wameipata.

Mimi ni mwalimu. Sekondari niliisoma ukimbizini, katika kambi ya Kala kule Kawambwa, kwa Kiingereza, na niliporejea Katanga Kiingereza hicho kikawa kama kazi ya pili nisiyolipwa. Mtu akipata ujumbe asiouelewa huniletea: "Mwalimu, hebu tusomee." Nimekwisha kusoma barua za hospitali, za mahakama, na za mashemeji walioko Ulaya.

Mwaka juzi alikuja binti mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa hununua chisense, wale dagaa wetu, pale Kashikishi na kwenda kuwauza ng'ambo hadi Lubumbashi. Aliniletea ujumbe wa WhatsApp. Ulisema kwamba shirika la kimataifa linatafuta watu wa kuchapa nyaraka wakiwa nyumbani kwao, mshahara dola 400 kwa mwezi, uzoefu si lazima. Kiingereza chake kilikuwa safi. Nembo ilikuwapo, sahihi ilikuwapo. Nikamwambia: "Hii ni nzuri, mwanangu. Jaribu."

Akalipa kwacha 350 za kujiandikisha. Siku ya tatu wakataka 600 za programu ya kuchapia. Kisha wakataka 900 za kile walichokiita dhamana ya mkataba, ambazo eti angerudishiwa pamoja na mshahara wa kwanza. Jumla kwacha 1,850, na huo ndio uliokuwa mtaji wake. Baada ya hapo namba ile haikupatikana tena.

Hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Mwalimu, lakini wewe si umesoma?"

Swali hilo nimetembea nalo muda mrefu. Binti huyu si mjinga wa biashara. Pale mwaloni hakuna anayelipia gunia la chisense kabla ya kutumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, maana juu waweza kukuta dagaa wakavu wanaong'aa na chini ukakuta mchanga. Mtu asiyemfahamu angemwambia, "Lipa kwanza, gunia litakuja," angemcheka mbele ya watu. Iweje basi mtu huyo huyo atume fedha mara tatu kwa mtu ambaye hata uso wake hajauona?

Jibu langu halitawapendeza wenzangu tuliorejea. Sisi tuliokaa kambini tulifundishwa kuiheshimu fomu. Unga ulikuja kwa fomu, turubai kwa fomu, shule kwa fomu, na hata kurudi nyumbani kulikuwa kwa fomu yenye nembo juu na mstari wa sahihi chini. Aliyeuliza maswali mengi alirudishwa nyuma ya foleni. Tapeli anaijua hali hiyo vizuri kuliko tunavyojijua. Hatuletei ahadi ya utajiri kama wale wa mchezo wa kupanda fedha uliowaliza Watanzania mwaka 2009. Anatuletea fomu, nasi tunaijaza. Mimi mwenyewe nililikagua tangazo lile kama mwalimu akaguavyo insha: nilipoona hakuna makosa ya sarufi nilidhani hakuna uongo.

Tena tusidhani ni kijana mmoja mwenye njaa aliyejificha chumbani. Mwezi Aprili 2024 vyombo vya dola vya Zambia vilivamia kampuni moja mjini Lusaka, Golden Top Support Services, na kukamata watu 77, wakiwamo Wachina 22. Zilikutwa kadi za simu zaidi ya 13,000. Miongoni mwa waliokuwa wakifanya kazi humo walikuwamo vijana wa Kizambia wa miaka ishirini na kitu, walioajiriwa wakidhani wamepata kazi ya kuongea na wateja, kumbe wanasomeshwa maneno ya kuwanasa watu wa nchi za nje. Wachina hao 22 walikiri makosa, na Juni mwaka huo wakahukumiwa vifungo virefu. Nako Kenya, mwaka 2022 yalisikika ya vijana walioahidiwa ajira Thailand wakajikuta wamevushwa hadi Myanmar na kulazimishwa kutapeli kwa kompyuta. Maana yake ni kwamba njaa ile ile ya kazi inamzalisha anayeibiwa na anayeiba, na pengine wote wawili waliitwa kwa tangazo linalofanana.

Najua atatokea mtu aseme kazi halali zipo. Zipo, sikatai. Nairobi maelfu ya vijana wamejipatia riziki kwa kuandika, kutafsiri na kuifundisha kompyuta kutambua picha na maneno. Lakini tuambizane ukweli wote. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza kuwa Wakenya waliosafisha maandishi machafu kwa ajili ya kampuni ya OpenAI walikuwa wakipokea chini ya dola mbili kwa saa. Machi 2024 mtandao wa Remotasks ulijiondoa Kenya, na watu waliokuwa wakiutegemea wakaamka hawana kazi. Ikiwa hali ni hiyo huko Nairobi kwenye umeme na M-Pesa, itakuwaje Nchelenge, ambako mwaka huo huo wa 2024 maji ya Kariba yalipopungua tulikaa gizani saa nyingi kuliko tulizokaa kwenye mwanga?

Hata mimi nilijaribu. Nilipata kazi halali kabisa ya kusikiliza sauti na kuziandika, nikafaulu mtihani wao, nikafanya wiki mbili usiku kwa usiku. Nilipotaka malipo wakaomba kitambulisho. Nikatuma kadi yangu ya mpiga kura. Wakaikubali baada ya siku 11, ndipo nikagundua kwamba katika orodha yao ya nchi zinazoweza kupokea fedha Kongo haimo. Dola 31 zangu ziko humo hadi leo. Kila nikifungua naziona.

Hapo ndipo penye shina la jambo hili. Mlango wa halali umefungwa kwa kitambulisho na njia ya malipo, na wa tapeli uko wazi usiku na mchana, hauulizi unatoka nchi gani. Na dawa tunayoletewa ni warsha: siku tatu, soda, na cheti cha ujuzi wa kompyuta. Mimi ninavyo viwili, viko kwenye begi moja na vyeti vya kambini. Hakuna warsha hata moja iliyotufundisha namna mtu wa Pweto atakavyopokea dola kumi kutoka ng'ambo.

Kampuni za fedha za simu nazo zina la kujibu, za ng'ambo zote mbili. Binti yule aligundua wizi asubuhi ile ile, kabla fedha za mwisho hazijatolewa. Akakimbilia ofisini. Akaambiwa malalamiko hupokewa kutoka kwa mwenye laini tu, na laini aliyotumia iliandikishwa kwa jina la shangazi yake, kama zilivyo laini za wafanyabiashara wengi wa mpakani, nanyi wasomaji mnalijua hilo. Shangazi yuko Mansa. Alipofika siku ya pili, akaunti ya tapeli ilikuwa tupu. Kuizuia akaunti kwa saa 24 mtu anapolalamika, awe na kadi ya Zambia au ya Kongo, kungemgharimu nani? Fedha zingekaa tu pale pale zilipo mpaka ukweli ujulikane.

Kwa upande wangu nimeacha kusoma ujumbe wowote wa kazi unaotaja malipo. Nikifika kwenye neno hilo narudisha simu. Februari iliyopita kijana mmoja aliniletea mwingine, safari hii kwa Kifaransa, nembo juu, sahihi chini. Nilipomrudishia alikasirika, akasema sitaki wenzangu waendelee.

Na yule binti namlipa kwacha 150 kila mwezi mshahara unapotoka. Mwanzoni alikataa, akisema mwalimu hadaiwi. Mtoto wake alipougua akapokea. Nimekwisha kulipa mara tisa. Zimebaki 500.