Mkaa wa makapi: soko la Arua na Koboko liko karibu kuliko Mombasa

ARUA – Biashara ya mkaa wa miti kaskazini mwa Uganda ilibanwa Mei 2023, Rais Yoweri Museveni alipopiga marufuku ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa wa biashara. Tangu hapo macho yameanza kuelekezwa kwenye magunzi ya mahindi na maganda ya karanga na mpunga yanayobaki kwenye mashine za Arua na Koboko.

Makapi hayo yakichomwa kwenye pipa lisiloingiza hewa nyingi hutoa mkaa wenye vitundu vidogo mno, ambao wataalamu huuita bayocha. Vitundu hivyo hunasa gesi. Mkaa huo ukipitishiwa mvuke mkali, uwezo wake huongezeka, na gramu moja inaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 500 au zaidi.

Kazi inayouzika ni ya kusafisha bayogesi. Gesi hiyo hubeba haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai bovu, ambayo hula vyuma vya injini na majiko. Mkaa wa makapi huinasa, na hupunguza pia amonia ya vyooni na mabandani. Hata hivyo, haunasi kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu waliofungiwa na jiko la mkaa au jenereta. Atakayeuza kwa ahadi hiyo atahatarisha maisha ya mnunuzi.

Hesabu ya usafiri

Tani moja ya mkaa huhitaji tani tatu hadi nne za makapi makavu. Kwa hiyo tanuri lazima liwe jirani na mashine. Kusafirisha makapi ni kulipia nauli ya uzito utakaopotea motoni.

Aidha, mkaa ni mwepesi na hujaza lori kabla ya kufikisha uzito. Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na Mombasa iko mbali zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Kwa upande wa bahari, tangu Januari 1, 2026 kanuni za kimataifa zinahesabu mkaa wote kuwa shehena ya hatari, kwa kuwa huweza kuwaka wenyewe. Mkaa unaotoka tanurini hauruhusiwi kufungwa ukiwa na joto.

Kwa sababu hizo, faida ya karibuni iko kwenye shule, machinjio na wafugaji wa West Nile, na ng'ambo ya Oraba, Sudan Kusini.

Kikwazo kilichobaki ni cha vizuizini. Ndani ya gunia, mkaa wa makapi na wa mti hautofautiani kwa macho. Msafirishaji asiye na karatasi ya kuonyesha mzigo ulitoka mashine gani anaweza kupoteza siku nzima barabarani, na faida ya safari ikaishia hapo.