Gari Likichemka, Dawa Si Maji Pekee

Wasafiri wa njia ipandayo kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru hawakosi kuona gari lililosimama kando, boneti imefunuliwa, mvuke unafuka, na utingo anakimbia na debe la maji. Maji yakiisha kutiwa safari huendelea, na jambo lenyewe husahauliwa mpaka siku nyingine. Mwenendo huo ndio uuao injini nyingi, kwa maana maji hupoza homa tu, hayaondoi ugonjwa ulioileta.

Kila mwenye gari na ajue kwanza kazi ya maji hayo. Pampu huyazungusha ndani ya injini yakachukua joto, kisha hupita katika mirija myembamba ya rejeta, ambamo upepo huyapoza. Mfuniko wa rejeta nao huyabana yasichemke upesi. Katika sufuria, maji ya Mombasa huchemka kwa digrii 100 za Sentigredi. Nairobi, iliyo zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, huchemka kwa digrii 94 hivi. Kwa hiyo mfuniko uliochoka huwadhuru watu wa nyanda za juu kuliko watu wa pwani.

Pili, na atazame gari huchemka wakati gani, kwani wakati ni shahidi mwema. Gari lichemkalo katika msongamano wa mjini, na kupoa likikimbia, mara nyingi lina kosa la feni: mkanda umelegea, au, katika magari ya siku hizi, mota ya feni haizunguki. Lichemkalo likipanda kilima na mzigo, rejeta yake yafaa ikaguliwe: nje huzibwa na matope na mbegu za majani, ndani huzibwa na kutu na chumvi ya maji ya kisima. Lichemkalo dakika chache baada ya kuondoka, na rejeta ingali baridi, huenda themostati imekwama. Hicho ni kilango kifungukacho maji yapatapo joto. Mafundi wengine hukitoa wakakitupa. Afadhali kiwekwe kipya, kwani injini isiyopata joto lake hula petroli nyingi na kuchakaa mapema.

Ikiwa maji hupungua kila siku wala hakuna tone chini, gasketi ya silinda hedi na ishukiwe. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma, mapovu ndani ya rejeta, na oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa. Gari la namna hiyo lisiendeshwe, bali livutwe mpaka kwa fundi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta: gharama ya gasketi ni ndogo, lakini hedi iliyopinda yaweza kumwuzisha mtu ng'ombe wake.

Tena, mfuniko usifunguliwe kamwe injini ingali moto, kwani maji hayo huruka na kumbabua mtu uso na macho. Wala maji baridi yasimiminwe ghafula, chuma kisije kikapasuka. Injini na izimwe, ipoe kwa nusu saa au zaidi.

Mkulima apelekaye kabichi sokoni zamtosha dakika tano za alfajiri, injini ikiwa baridi, kutazama maji, mkanda na mipira. Kabichi zikilala kando ya njia hazimngojei fundi.