Je, Mwezi ni Mmoja?



Juma hili tumepokea swali kutoka kwa mama aliyehama Mombasa na sasa anaishi Kamakis, kule Ruiru, pamoja na wanawe na mavyaa wake. Binti yake wa gredi ya sita alirudi kutoka shuleni na habari kwamba sayari ya Mshtarii ina miezi mingi, na mmoja wapo ni mkubwa kuliko sayari ya Utaridi. Nyanya akamkanya mbele ya wenziwe: mwezi ni mmoja, asilete upotofu nyumbani. Tangu hapo binti hasemi lolote la masomo nyanya anapokuwapo. Mama auliza ukweli ni upi, na awapatanishe vipi.

Binti amesema kweli. Mshtarii ndiyo sayari kubwa kupita zote zinazolizunguka jua letu, na miezi iliyokwisha kutambuliwa kando yake ni zaidi ya 90. Ulio mkubwa kuliko yote huitwa Ganimedi. Kipenyo chake ni kilomita 5,268, hali cha Utaridi ni kilomita 4,879, na cha mwezi wetu ni kilomita 3,474. Hata hivyo, kwa uzito Ganimedi haufikii hata nusu ya Utaridi, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni barafu iliyochanganyika na mwamba. Wataalamu wanaamini kwamba chini ya barafu hiyo imo bahari ya maji ya chumvi.

Nyanya naye hakukosea kwa jambo alilokuwa akililinda. Mwezi tunaoutazamia kufunga na kufungua ni huu mmoja, wala hakuna mwingine unaotuhesabia siku. Ile mingine imepewa jina hilo kwa mfano tu, kwa sababu huizunguka sayari yake kama huu wetu unavyoizunguka dunia. Ganimedi hukamilisha mzunguko wake kwa siku 7 na saa 4 hivi. Lau tungehesabu kwa huo, mwezi mzima ungekwisha kwa juma moja!

Isitoshe, nyanya ana elimu ambayo mjukuu anaihitaji. Mtu aliyekulia pwani anajua bamvua na maji mafu. Anajua kwamba mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, maji hujaa mno na kupwa mno. Sababu ni kwamba siku hizo mwezi na jua huivuta bahari kwa pamoja. Nguvu iyo hiyo ya mvuto ndiyo inayoishika miezi ya Mshtarii. Ganimedi huielekezea Mshtarii uso mmoja daima, kama mwezi wetu unavyotuelekezea sisi. Na mwezi uitwao Io, ulio karibu zaidi na Mshtarii kati ya ile minne mikubwa, hukandwa na mvuto huo hata ndani yake kukapata moto, na volkano zikalipuka. Basi atakayemweleza binti bamvua atakuwa amempa ufunguo wa somo lake lote.

Habari hizi si za kusadiki kwa masikio tu. Mnamo tarehe 7 Januari 1610, Galileo Galilei, mtaalamu wa Italia, aliielekeza darubini yake kwa Mshtarii akaona vinyota vitatu kando yake. Siku chache baadaye akaona cha nne. Kila usiku alichora mahali vilipo, akatambua kwamba vinaizunguka sayari ile. Ganimedi ulikuwa mmoja wapo. Na sasa kipo chombo cha Shirika la Anga la Ulaya, kilichorushwa tarehe 14 Aprili 2023, ambacho kinatarajiwa kufika Mshtarii mwaka 2031 na kuanza kuuzunguka Ganimedi mwaka 2034. Binti wa gredi ya sita leo atakuwa bado kijana habari hizo zitakapotufikia.

Ushauri wetu kwa mama ni huu. Taa za Kamakis na barabara yake ya Eastern Bypass huzificha nyota nyingi, lakini Mshtarii hung'aa kupita taa hizo katika misimu inapoonekana usiku. Azima darubini ya kawaida ya mikono miwili, uiegemeze ukutani juu ya paa isitikisike, na usiielekeze kamwe kwenye jua. Mtaona vinukta hadi vinne vilivyojipanga mstari mmoja. Mpe nyanya atazame kwanza, kisha binti avichore daftarini kwa siku saba. Nyanya naye asimulie bamvua.

Na ninyi wazazi wengine, mtoto akileta neno geni nyumbani, muulizeni amelijuaje kabla ya kumkanya. Aliyenyamazishwa leo kwa swali la nyota, kesho atanyamaza hata kwa lile linalomdhuru.