Mkutubi Asingoje Kuulizwa

Kijana wa Sekei ashukaye maktaba mjini Arusha kutafuta kitabu cha ufugaji hukuta namba tupu migongoni mwa vitabu. Huona haya kuuliza, akarudi mikono mitupu. Asichekwe. Mwaka 1986 mtafiti Constance Mellon aliikuta hofu hiyo hiyo kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Kila mmoja alidhani wenzake wote wanajua. Mfumo wa Dewey, uliotolewa Marekani mwaka 1876, umekiweka Kiswahili kwenye namba 496.392. Nani atalijua hilo bila kuelekezwa?

Huduma ya maktaba iliundwa kwa sheria mwaka 1963 ili iwafae wananchi. Basi mkutubi ainuke, amkaribishe mgeni, amfikishe rafuni. Vitabu visivyofikiwa havimwelimishi mtu.